MIONZI: TUSIIOGOPE BILA YA ELIMU, WALA TUSIICHEZEE BILA YA ELIMU

  

Ndugu zetu wasomaji, katika mtaa wetu yuko bibi mmoja mtu mzima, ambaye jina lake hatulitaji kwa kumsitiri. Bibi huyu aliugua saratani ya titi, akapelekwa hospitali, akatibiwa kwa mionzi muda wa wiki kadhaa, kisha akarejea nyumbani kwake. Aliporudi alikuta kikombe chake kimetengwa, sahani yake imewekwa kando, na wajukuu zake, waliokuwa wakilala naye kitanda kimoja, wamehamishiwa chumba cha pili. Wanawe hawakufanya hayo kwa chuki. Walikuwa wameambiwa barazani kwamba mtu aliyepigwa mionzi naye huanza kutoa mionzi, na kwamba mionzi ile huwadhuru watoto. Tulipokwenda kumtazama, alituuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, hebu niambie wewe uliyesoma. Mimi nimekuwa kitu gani, hata mjukuu wangu akatazwe kunikaribia?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Sisi tumesoma chuoni na skuli ya msingi, na mambo ya atomu hatukufundishwa. Lakini dini yetu imemtaka asiyejua awaulize wenye kujua, wala haikumruhusu kukisia. Basi tukamwendea mwalimu wa sayansi wa skuli ya sekondari, kisha tukamwendea daktari wa kazi hiyo, tukakaa mbele yao kama wanavyokaa wanafunzi mbele yetu. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata. Tunawaandikia khasa vijana wanaosoma, ili wawe msaada katika nyumba zao, na wazee wao wasibabaishwe na maneno ya barazani.

CHEMBE ZA VITU

Kila kitu, jiwe, maji, kanzu tuliyoivaa, hata damu iliyomo mishipani mwetu, kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Milioni kadhaa za chembe hizo zikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kiasi cha milimita 1 tu. Neno atomu asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kitu kisichokatika. Kwani watu wa zamani waliodhani kuwa vitu vimeundwa kwa chembe walidhani pia kuwa chembe hizo hazigawanyiki.

Dhana hiyo ilivunjika mwaka wa 1897, pale J. J. Thomson wa Cambridge, katika Uingereza, alipothibitisha kuwa ndani ya atomu mna chembe nyengine ndogo zaidi, nazo ndizo elektroni. Mwaka wa 1911 Ernest Rutherford, aliyekuwa akifundisha Manchester, akabainisha kuwa katikati ya atomu mna kiini kidogo kilichobeba karibu uzito wake wote. Kiini hicho ni kidogo ajabu. Lau tungeweka punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, tukasema hiki ndicho kiini, basi ukingo wa atomu ungefika kwenye magoli, na baina yake hamna ila elektroni chache nyepesi.

Ndani ya kiini mna chembe za namna mbili: protoni, na nyutroni ambayo James Chadwick aliivumbua mwaka wa 1932. Hesabu ya protoni ndiyo inayokipa kitu jina lake. Kiini chenye protoni 6 ni kaboni, yaani asili ya makaa. Chenye 79 ni dhahabu. Na chenye 92 ni urani. Hata protoni na nyutroni si mwisho wa safari. Mwaka wa 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walisema kuwa nazo zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Na majaribio yaliyofanywa California kuanzia mwaka wa 1968 yakaonyesha dalili zake. Na bado wataalamu wanachimbua. Mwaka wa 2012, katika maabara kubwa ya CERN karibu na Geneva, walitangaza kuipata chembe ya Higgs, iliyotabiriwa katika miaka ya 1960.

MIONZI HUTOKA WAPI?

Viini vingi vimetulia, na havibadiliki daima. Lakini viko viini ambavyo havikutulia, mfano wa mkokoteni uliopakiwa vibaya: haukosi kuangusha kitu njiani mpaka mzigo ukae sawa. Kinachotupwa na kiini kama hicho ndicho tunachokiita mionzi, na namna zake mashuhuri ni tatu.

Ya kwanza ni alfa, nayo ni kipande kizito cha protoni 2 na nyutroni 2. Kwa uzito wake haifiki mbali. Karatasi moja yatosha kuizuia, wala haipiti ngozi iliyo nzima. Lakini kitu chenye kutoa alfa kikimezwa au kikavutwa kwa pumzi, hudhuru sana, kwa kuwa ndani ya mwili hakuna ngozi ya kukinga. Ya pili ni beta, nayo ni elektroni iendayo mbio. Bamba jembamba la alumini huizuia. Ya tatu ni gama, nayo si kipande cha kitu bali ni namna ya nuru, ndugu ya nuru ya jua na ya taa, ila ina nguvu nyingi zaidi na jicho haliioni. Gama hupenya mwilini, na kuipunguza kwataka risasi nene au ukuta mnene wa zege. Eksirei nayo ni nuru ya jamii hiyo, ila hiyo hutengenezwa kwa mashine ya umeme. Mashine ikizimwa hukatika, wala hakibaki kitu chumbani, kama chumba kisivyobaki na nuru taa ikizimwa.

Eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, alipokuwa akifanya majaribio katika chumba chenye giza. Kabla ya mwaka kwisha alikwisha piga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa na pete. Mwaka uliofuata Henri Becquerel, katika Paris, aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akavifungia ndani ya mtoto wa meza kwa kuwa jua lilikuwa limefichwa na mawingu. Alipolisafisha bamba lile alikuta limepata alama. Akajua kuwa urani hutoa mionzi yenyewe, bila ya kuhitaji jua wala moto. Kisha Marie Curie na mumewe Pierre wakavumbua, katika mwaka wa 1898, poloni na radi.

Marie Curie alipewa tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka wa 1903 na wa 1911. Lakini zama zile madhara ya vitu alivyokuwa akivishika kwa mikono mitupu yalikuwa hayajajulikana vyema. Alifariki mwaka wa 1934 kwa ugonjwa wa damu, unaodhaniwa kuwa umetokana na kazi yake, na madaftari yake mpaka leo huhifadhiwa ndani ya makasha ya risasi. Basi tangu mwanzo wake elimu hii imekuja na pande mbili, manufaa na madhara, na upande mmoja haupaswi kutusahaulisha wa pili.

KUMULIKWA SI KUPAKAZWA

Sasa twalifikia jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika makala haya, nalo twaomba lisomwe kwa utulivu.

Mtu akisimama mbele ya taa, nuru humwangukia. Akiondoka, je, yeye amekuwa taa? Ataangaza gizani? La. Lakini mtu akiingia kinuni penye unga, unga ukamganda nguoni, akiondoka huondoka nao, na kila atakayemgusa naye atachafuka. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kumulikwa, la pili ni kupakazwa. Wanafunzi wetu wa chuoni wanaifahamu tofauti hii katika mlango wa tahara: mtu kupita kando ya najisi si sawa na najisi kumwingia nguoni. Hatusemi kuwa mionzi ni najisi. Twapiga mfano tu, ili jambo lifahamike.

Bibi yetu alimulikwa. Mionzi ilitoka katika mashine iliyo nje ya mwili wake, ikapenya mahali penye ugonjwa, ikafanya kazi yake, ikaisha papo hapo. Hakikubaki ndani yake kitu chenye kutoa mionzi. Kikombe chake ni kikombe kama vikombe vyengine, na mjukuu akilala kifuani pake hapati dhara lolote la mionzi.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, mbona wahudumu hutoka nje ya chumba mashine inapofanya kazi? Jibu ni kuwa mgonjwa humulikwa kwa siku zake za dawa tu, na kwa kipimo kilichohesabiwa, tena kwa sababu ya ugonjwa wake. Mhudumu yuko pale kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hana ugonjwa wa kutibiwa. Akibaki ndani atakusanya asichokihitaji. Mpishi hutia chumvi chunguni, lakini hailambi kila apikapo.

Na mionzi huponyaje? Huharibu maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, yanayoiamuru seli kukua na kuzaana. Seli za saratani aghalabu hazijui kujitengeneza vyema kama seli zilizo nzima. Kwa hivyo madaktari huigawa dawa vipande vipande kwa siku nyingi, ili zilizo nzima zipate nafasi ya kujitengeneza, na zile mbovu zife. Katika Tanzania kazi hii hufanywa, mathalan, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Lakini uadilifu watulazimisha kutaja upande wa pili. Wako wagonjwa ambao hupewa dawa yenyewe yenye kutoa mionzi, wakaimeza au wakatiwa mwilini. Mathalan wenye maradhi ya tezi la shingo, ambao hupewa aidini ya mionzi. Hao kwa muda hubeba mionzi, na daktari huwapa masharti: wasilale na watoto, wasikae karibu na wenye mimba, mpaka siku fulani. Masharti hayo yafuatwe kama yalivyo, wala yasizidishwe na watu wa barazani. Basi swali la kumuuliza daktari ni moja: "Je, mionzi ilitoka nje ya mwili, au imetiwa ndani, na ikiwa imetiwa ndani, masharti ni siku ngapi?" Swali hili moja lingalimwondolea bibi yetu huzuni ya wiki nzima.

Mtu asidhani kuwa aidini ile itabaki mwilini milele. Vitu hivi hupungua kwa kipimo kiitwacho nusu-uhai. Nusu-uhai ya aidini 131 ni siku 8. Ikiwa leo iko sehemu 80, baada ya siku 8 hubaki 40, baada ya siku 16 hubaki 20, na baada ya 24 hubaki 10. Tena sehemu kubwa hutoka mapema zaidi kwa njia ya mkojo. Vyengine hukaa zaidi: nusu-uhai ya kobalti 60 ni miaka 5 na kidogo, na ya sizi 137 ni kiasi cha miaka 30.

HAPANA NYUMBA ISIYO NA MIONZI

Wengi watastaajabu kusikia kuwa mionzi iko kila mahali. Hutoka ardhini, katika mawe, katika hewa, na mbinguni. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho milisievati, na mtu wa kawaida duniani hupata kiasi cha 2.4 kwa mwaka kutokana na maumbile tu. Picha moja ya kifua ya eksirei ni 0.1 au chini yake. Picha za mashine kubwa zinazozunguka mwili huwa ni zaidi ya hapo mara nyingi, na kwa sababu hiyo hazipigwi ila kwa haja.

Hata ndani ya miili yetu imo. Ndizi, viazi na maharage vina potasiamu, nayo ni lazima kwa uhai. Na sehemu ndogo mno ya potasiamu yote duniani hutoa mionzi. Mtu mzima ana ndani yake zaidi ya viini 4,000 vinavyovunjika kila sekunde. Kwa hivyo yule kijana aliyekitenga kikombe cha mama yake kwa kuogopa mionzi, yeye mwenyewe ana mionzi, na alikuwa nayo tangu alipokuwa tumboni mwa mama huyo huyo.

MSIBA WA GOIÂNIA

Tumesema tusiiogope bila ya elimu. Sasa tuseme juu ya kuichezea bila ya elimu, maana huko ndiko kwenye mauti.

Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, Brazil, ilikuwako nyumba iliyokuwa zamani ya matibabu ya mionzi. Wenyewe walikuwa wamehama, wakaacha nyuma mashine yenye sizi 137. Watu wawili wakaingia, wakang'oa sehemu yake, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga usiofika gramu 100, ambao usiku uling'ara rangi ya buluu. Watu wakaupenda, wakagawiana jamaa kwa jamaa, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 alikula chakula na mikono yake ina unga ule.

Hao hawakumulikwa tu, bali walipakazwa, na wengine wakaumeza. Mke wa yule mnunuzi ndiye aliyetambua kuwa watu wa nyumbani mwake wanaugua tangu kitu kile kilipoingia. Akakichukua kwa basi mpaka kwa wakubwa wa afya, na kwa kitendo chake msiba ukajulikana. Watu 4 walikufa, naye akiwa mmoja wao, pamoja na yule mtoto. Zaidi ya watu 110,000 walipimwa, na 249 walionekana wamepakazwa.

Siku ya maziko ya mtoto yule, watu wengi walikusanyika makaburini kuzuia asizikwe pale, wakarusha mawe, na ilhali jeneza lake lilikuwa limejengwa kwa risasi na kaburi lake limetiwa zege. Hebu tutafakari. Ujinga ulimuua mtoto, kisha ujinga ukataka kumnyima kaburi. Wa kwanza ulikuwa ujinga wa kuthubutu, na wa pili ujinga wa kuogopa. Mama yao ni mmoja.

Twawaambia vijana wanaookota na kuuza vyuma chakavu: mkiona alama ya mapanga matatu kama ya feni, meusi juu ya manjano, au chombo kidogo chenye uzito usiolingana na umbo lake, msikifungue, msikibebe, wala msikipeleke nyumbani. Ondokeni, wazuieni wengine, na toeni khabari kwa polisi. Na katika Tanzania iko Tume ya Nguvu za Atomu ambayo ndiyo kazi yake. Kinga ya mionzi ni mambo matatu: kupunguza muda wa kukaa karibu nayo, kuzidisha umbali, na kuweka kizuizi. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua mpaka robo.

NENO JUU YA DHARRA

Wanafunzi wetu wafikapo Sura ya Az-Zilzal hukutana na neno dharra, lililotajwa kuwa kipimo cha amali ya kheri na ya shari. Waarabu wa leo huiita atomu kwa neno hilo, na baadhi ya wahubiri husema kuwa wanasayansi wamelipata jambo lao humo. Sisi hatusemi hivyo. Wafasiri wa kale walisema kuwa dharra ni chungu mdogo, au kivumbi kionekanacho katika mwale wa jua upitao dirishani. Lau mwalimu wa zamani angeliwaambia wanafunzi wake kuwa Kitabu kimefundisha atomu isiyogawanyika, angelisema nini mwaka wa 1897? Elimu ya wanadamu hurekebishwa kila zama, na hiyo ni sifa yake. Neno la Mwenyezi Mungu lisifungwe kwenye kamba ambayo kesho huenda ikakatwa.

Lakini mazingatio yamo. Kitu kuwa kidogo na kutoonekana si dalili ya kuwa hakina uzito. Unga usiofika gramu 100 ulitikisa mji mzima, na mionzi isiyoonekana humponya mgonjwa. Vivyo hivyo neno moja lililosemwa barazani bila ya kujua lilimtenga mama na wanawe. Neno lile nalo lilikuwa dogo, na linapimwa.

Tulirudi kwa bibi yetu pamoja na yule daktari, ambaye Mwenyezi Mungu amlipe kheri, akawaeleza wanawe haya kwa ufupi. Walinyamaza, kisha mkubwa wao akasimama, akakirudisha kikombe cha mama yake kabatini pamoja na vyengine. Usiku ule mjukuu alilala pahala pake.

Enyi vijana, someni elimu hii msikinai. Atakayekuwa daktari, atakayekuwa mwalimu, na hata atakayekuwa fundi, kila mmoja ataulizwa swali na mtu wa nyumbani kwake, na siku hiyo itampasa awe na jibu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na azilinde ndimi zetu na kusema tusiyoyajua. Amin.